Mafunzo ya istilahi za jinsia kwa wahudumu wa afya Mombasa: tathmini ya darasa, kadi na kitini

Kuna mafunzo ya siku moja yanayoletwa katika zahanati na vituo vya afya vya Mombasa, kuanzia Mvita hadi Kisauni na ng'ambo ya Likoni, yanayofundisha istilahi za utambulisho wa kijinsia na mwelekeo wa kimapenzi. Kituo chenyewe ndicho huwaalika wakufunzi. Huja wawili, mmoja muuguzi na mwingine mshauri nasaha, wakiwa na vitu vitatu: kitini cha kurasa 28, pakiti ya kadi 24, na fomu ya mfano ya kusajili mteja. Darasa ni la saa sita, mapumziko yakiwemo, na halizidi watu 20.

Tumeyapima mafunzo haya kwa kigezo kimoja. Mhudumu akitoka pale, ataweza kumuuliza mteja yale yanayohitajika kwa matibabu, kwa Kiswahili kinachoeleweka Kongowea na Mji wa Kale, pasipo kumvunjia heshima? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kadi ni bora kuliko kitini. Fomu ina kosa la mpangilio ambalo kituo kinaweza kulisahihisha chenyewe. Sehemu ya huntha, yaani waliozaliwa na maumbile ya kijinsia yasiyolingana na ya kawaida ya kiume au ya kike, haitoshi kabisa, na kwa kituo chenye wodi ya uzazi upungufu huo ni wa hatari.

Somo linaanza kwa maswali manne ambayo mkufunzi huyaandika ubaoni kabla ya kutaja istilahi hata moja. Mwili ulizaliwa na maumbile gani, na cheti cha kuzaliwa kikaandikwa nini? Mtu mwenyewe anajijua kuwa nani: mwanamume, mwanamke, yote mawili, au si lolote kati ya hayo? Anavutiwa na nani? Amefanya nini, na nani? Swali la kwanza ni la jinsi ya kuzaliwa, la pili ni la utambulisho wa kijinsia, la tatu ni la mwelekeo wa kimapenzi, na la nne ni la matendo. Baada ya hapo kila istilahi hupewa makao yake. Huntha anakaa chini ya swali la kwanza. Transjenda, ambaye anajijua tofauti na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa, na nonbainari asiyejihesabu mwanamume wala mwanamke, wanakaa chini ya la pili. Gei (mwanamume anayevutiwa na wanaume), lesibiani (mwanamke anayevutiwa na wanawake), baiseksho (anayevutiwa na wote wawili) na mtu asiyevutiwa kingono na yeyote wako chini ya la tatu. Chini ya la nne hakuna jina la mtu, kuna vitendo tu, na wakufunzi wanafanya vyema kulisisitiza hilo.

Ubora wa mpangilio huu ni kwamba unavunja mazoea ya kuliacha neno moja libebe yote. Mtaani kwetu mwanamume mwenye sauti nyembamba, mwanamume anayependa wanaume, mtu aliyeandikwa mvulana lakini anajijua mwanamke, na hata mtu aliyezaliwa na viungo visivyo vya kawaida, wote huitwa kwa neno lile lile, na kwa kawaida ni tusi. Mhudumu amekulia humo humo. Kumpa orodha ya maneno 30 mapya hakumsaidii, maana atayabandika yote juu ya lile neno la zamani. Kumpa maswali manne kunamlazimisha asimame na kujiuliza anachotaka kujua hasa.

Kadi ndizo zinazofanya kazi hiyo. Washiriki hukaa watano watano, kila kundi likapewa kadi sita. Kila kadi inaeleza mtu kwa mistari miwili au mitatu, bila jina. Kazi ya kundi ni kupanga habari zilizo kwenye kadi chini ya maswali manne, na kuandika "haijasemwa" pale ambapo kadi iko kimya. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kadi moja inasema: mtu aliandikwa msichana alipozaliwa, anajijua kuwa mwanamume, ana mpenzi wa kike, amekuja kupimwa shinikizo la damu. Makundi hukimbilia kuandika "msagaji". Mkufunzi hakaripii. Huuliza, "Swali la pili limejibiwaje?" Kundi linasoma upya, linaona kwamba huyu ni mwanamume anayependa wanawake, na hapo ndipo linapofikia swali ambalo kadi ilitungiwa: je, lipi kati ya haya linahusu shinikizo la damu? Hakuna. Mhudumu alihitaji mkono wa mteja na kifaa cha kupimia.

Kadi nyingine inamweleza dereva wa lori la masafa marefu, mwenye mke na watoto, ambaye mara kwa mara hulala na wanaume akiwa safarini. Hapa kundi likiandika "gei" limekosea, na likiandika "baiseksho" limebahatisha. Kadi imejibu swali la nne pekee, na la tatu halijasemwa. Wakufunzi huitumia kadi hii kueleza asili ya istilahi ndefu inayopatikana katika madaftari ya huduma za VVU, "wanaume wanaofanya ngono na wanaume". Ililetwa na wataalamu wa magonjwa katika miaka ya UKIMWI kwa sababu walihitaji kufuatilia kitendo kinachoambukiza bila kungoja mtu ajipe jina. Ni istilahi ya daftari. Anayemwambia mteja ana kwa ana, "Wewe ni mwanaume anayefanya ngono na wanaume," amelitoa neno mahali pake.

Saa hii ya pili ya mafunzo ni nzuri kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha neno baya linavyoharibu tiba. Kisonono na klamidia zinaweza kukaa katika njia ya haja kubwa au kooni bila dalili yoyote, na kipimo cha mkojo hakizioni huko, kinaona za njia ya mkojo tu. Mhudumu aliyeuliza "Wewe ni shoga?" akajibiwa "Astaghfirullahi, hapana," ataandika hapana, atachukua mkojo, majibu yatarudi safi, na ugonjwa utabaki palepale. Dereva yule hakudanganya. Yeye hajihesabu hivyo. Swali lililopendekezwa ni hili: "Katika miezi sita iliyopita, umefanya ngono na wanaume, wanawake, au wote?" Likifuatwa na: "Ni sehemu zipi za mwili zilizohusika, ili tujue pa kupima?" Maswali haya huulizwa kila mteja wa kliniki ya magonjwa ya zinaa, akiwemo mzee wa kanzu na mama wa buibui, na kutangulizwa na maelezo kwamba ni ya wote. Yakianza kuulizwa wale tu ambao mhudumu amewashuku kwa mwendo au mavazi, yameshageuka kuwa shutuma.

Majibu ya maswali haya ndiyo yanayofungua mengine: kipimo cha koo au njia ya haja kubwa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na mazungumzo kuhusu prepu, dawa ya kujikinga na VVU ambayo Kenya ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2017. Wakufunzi wanakumbusha pia jambo la kilainishi. Mafuta ya nazi, yaliyo katika kila nyumba ya Pwani, na mafuta ya kujipaka ya mgando hudhoofisha mpira wa lateksi hadi ukapasuka, kwa hiyo anayepewa kondomu apewe na kilainishi cha maji. Jambo dogo, ila mhudumu ambaye hakuuliza swali la nne hatalikumbuka.

Upungufu wa kadi ni kuwasahau wanawake. Kati ya 24, mbili tu zinawahusu wanawake wanaopenda wanawake, na zote mbili zinazungumzia unyanyasaji wa familia. Hakuna inayogusa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ilhali virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, huambukizwa pia kati ya wanawake, na wapo wahudumu wanaomwambia mteja wa namna hiyo kwamba hahitaji kipimo kwa kuwa "hana mwanaume". Wala hakuna kadi ya mwanamume transjenda aliye na mlango wa kizazi. Kanuni hapa ni rahisi, nayo ilistahili kadi mbili: pima kiungo kilichopo. Mwenye mlango wa kizazi achunguzwe mlango wa kizazi, mwenye tezi dume asisahauliwe tezi dume, vyovyote anavyojitambua na vyovyote alivyovaa. Kituo kinachoyaalika mafunzo kiombe kadi hizi ziongezwe, au kizitunge chenyewe kwa karatasi ngumu.

Kitini kina jedwali la maneno ya mtaani lenye kurasa nne, na ndilo lililoandikwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Limegawanywa safu tatu: neno, watu wanalitumiaje Mombasa, na la kusema dirishani. Linaanza na "shoga", na lilivyo Pwani lilistahili kuanza. Miongoni mwa wanawake wa Mombasa, shoga yangu ni rafiki yangu wa karibu, wa kushonesha naye sare na kwenda naye harusini. Neno hilo hilo akirushiwa mwanamume ni la kumdhalilisha. Faili inayosema "mteja amekuja na shoga wake" haimwambii msomaji wa zamu ijayo chochote cha kuaminika. "Hanithi" ni baya zaidi kitabibu, maana linachanganya mwanamume aliyepungukiwa nguvu za kiume, ambaye huenda ana kisukari au shinikizo la damu, na mwanamume anayehukumiwa kwa tabia zake. Mteja mwenye shida ya kwanza akilisikia neno hilo dirishani ataondoka, na kisukari chake kitaondoka naye. "Msenge", "basha" na "msagaji" yamewekwa alama nyekundu: ni maneno ya kuyaelewa yakisemwa, si ya kuyaandika. "Kuchu", lililotoka Uganda na kuenea kwetu, limeelezwa kama neno ambalo baadhi ya wenyewe hulitumia baina yao.

Kanuni wanayoifundisha ni kurudia neno ambalo mteja amejiita. Tunaikubali kwa kiasi. Mteja akisema "mimi ni gei" au "mimi ni transjenda", mhudumu alirudie bila kutafuta tafsida. Lakini wapo wanaojiita kwa tusi kwa sababu ndilo neno pekee walilowahi kusikia, au kwa sababu wanalipima jibu la mhudumu. Kulirudia tusi kinywani mwa mtu mwenye koti jeupe si sawa na kulisikia kwa rafiki. Hapo swali zuri ni, "Ungependa tukuandikeje?" Kitini hakilitaji, mkufunzi mzuri hulisema kwa mdomo.

Istilahi mbili katika kitini zinapaswa kufutwa. Moja ni "mwenye jinsia mbili", ambayo kitini kinaitumia ukurasa wa 9 kwa huntha na ukurasa wa 14 kwa baiseksho. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, la kwanza na la tatu, na mshiriki aliyekuwa ameanza kuelewa hurudishwa nyuma. Kwa baiseksho, "anayevutiwa na wanaume na wanawake" linatosha na halimchanganyi yeyote. Istilahi ya pili ni "waliobadili jinsia" kwa transjenda wote. Inaashiria upasuaji, na walio wengi darasani huanza papo hapo kuuliza kuhusu upasuaji, wakati mtu anaweza kuwa transjenda bila kunywa kidonge wala kuguswa na kisu. Inaashiria pia kwamba alikuwa kitu kimoja, akageuka kuwa kingine, na wengi wao watakwambia hawakugeuka. "Transjenda" limeshazoeleka redioni na magazetini; walibakishe hilo.

Kurasa mbili za historia mwanzoni mwa kitini ni sahihi lakini hazina kazi. Ni kweli kwamba neno la Kizungu "homosexual" lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 kwa mkono wa mwandishi Karl-Maria Kertbeny, na ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani liliuondoa mvuto wa jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. La kufaa zaidi lingekuwa sentensi moja kuhusu orodha ya sasa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambayo imeitoa hali ya transjenda kutoka sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia. Hiyo ndiyo habari ambayo mhudumu anayeandika rufaa anaihitaji, kwa sababu bado kuna rufaa zinazompeleka mtu wa namna hii kwa daktari wa akili kabla ya kuangaliwa malaria iliyomleta.

Sehemu ya namna ya kuita mtu ni fupi na nzuri. Kiswahili kinatupa nafasi ambayo lugha nyingi hazina: "yeye", "amefika" na "dawa zake" havisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ripoti nzima ya mgonjwa inaweza kuandikwa bila kukosea mtu. Tatizo liko katika vyeo vya adabu. Pwani hatuiti mtu mkavu. Lazima awe mama, mzee, bwana, bi, kaka, dada, ami. Kumnyima mtu cheo ni utovu wa adabu, na kumpa kisicho chake mbele ya benchi lililojaa watu ni kumwanika. Wakufunzi wanapendekeza kuita kwa namba ya foleni, na mteja akishafika dirishani aulizwe kwa sauti ya chini, "Nikuiteje?" Shikamoo haina jinsia, hivyo mwenye umri apewe shikamoo yake kama kawaida.

Jina lina ugumu wake. Usajili wa bima ya SHA hufuata jina la kitambulisho, na jina hilo huenda silo mtu analolitumia. Ushauri wa kitini ni sahihi: jina la kitambulisho liandikwe kwenye mfumo ili malipo yasikwame, na jina la kutumika liandikwe juu ya kadi ya foleni na kwenye bahasha ya dawa. Kinachosahaulika ni maabara. Karatasi ya kipimo ikirudi na jina moja wakati faili ina jingine, majibu hupotea au huenda kwa mtu mwingine. Namba ya mteja iandikwe kwenye kila karatasi na kila chupa, ndipo majina mawili hayatadhuru.

Tuje kwenye huntha. Kitini kinawapa nusu ukurasa, na kinasema ni watu wenye "viungo vya kike na vya kiume". Maelezo hayo yanapotosha. Huntha ni jina la hali nyingi, na nyingi kati yake hazionekani kwa macho. Kuna mtoto mwenye kromosomu za kike ambaye tezi zilizo juu ya figo zake zinatoa homoni za kiume kupita kiasi, hivyo anazaliwa na viungo vya nje visivyoeleweka. Kuna msichana aliyekua vizuri, matiti yamekua, na hajavunja ungo akiwa na miaka 16 au 17, na uchunguzi unaonyesha kwamba ana kromosomu za kiume na korodani ndani ya tumbo, kwa sababu mwili wake hauitiki homoni za kiume. Wa kwanza hutambuliwa siku ya kuzaliwa; wa pili huletwa na mama yake anayeshuku mimba.

Yule wa kwanza anaweza kufa. Aina kali ya hali hiyo huufanya mwili upoteze chumvi, na katika wiki ya kwanza hadi ya tatu mtoto huanza kutapika, kukataa ziwa, kulegea na kukaukiwa maji. Wodi inaweza kumpoteza mtoto huku watu wazima wakibishana kama ni mvulana au msichana. Kinachotakiwa ni sodiamu, potasiamu na sukari ya damu vipimwe mara moja, rufaa kwa daktari wa watoto, na mama aambiwe kwa lugha iliyo wazi: "Afya ya mtoto wako inahitaji kufuatiliwa, tutahitaji vipimo kabla ya kusema ni mvulana au msichana, wala hukukosea jambo lolote." Hakuna neno hata moja la haya katika kitini. Kituo chenye wodi ya uzazi kisiyachukue mafunzo haya bila kudai saa ya ziada ya somo hili.

Sheria nayo inawalinda huntha, na hilo pia limepita mbio. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza Kenya na kuandika watu 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha kwa jina na inakataza viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa isipokuwa kwa ushauri wa daktari wa jenetiki. Kwa neno lenyewe, Mombasa ina bahati. Waliosoma mirathi vyuoni wanalijua neno huntha kutoka kwenye vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ambako wanazuoni walijadili fungu lake la urithi karne nyingi zilizopita. Mzee akiambiwa mjukuu wake ni huntha, huwa ameshawahi kulisikia neno, na mazungumzo huanzia mahali pa elimu badala ya pa aibu. Wakufunzi wangelitumia hilo zaidi.

Fomu ya mfano inafuata utaratibu wa maswali mawili unaotumika katika nchi nyingi: kwanza mteja anajitambuaje sasa, kisha aliandikwaje alipozaliwa. Ukiuliza moja tu, mwanamke transjenda ataandika "mwanamke", nawe hutajua kwamba ana tezi dume; ukiuliza jinsi ya kuzaliwa pekee, umemwita mwanamume. Hadi hapo fomu iko sawa. Kosa lake ni swali la tano, linalouliza mwelekeo wa kimapenzi kabla hata ya sababu ya kuja kituoni. Mtu amekuja kung'olewa jino, anaulizwa anampenda nani, na anaulizwa mapokezi, ambapo benchi la kwanza liko hatua mbili kutoka dirishani. Swali hilo liondolewe mapokezi kabisa. Lihamishiwe chumba cha ushauri, liulizwe pale tu huduma inapolihitaji, na kwa kawaida huduma ikihitaji kitu itahitaji jibu la swali la nne. Mapokezi pabaki na jina la kitambulisho, jina la kutumika, umri, simu na sababu ya kuja. Maswali mawili ya jinsia yajazwe na mteja mwenyewe kwa kalamu yake, kwenye ubao wa kuandikia, na fomu irudishwe imekunjwa.

Ndani ya faili, ziandikwe habari. "Ngono ya njia ya haja kubwa na wanaume, miezi sita, kondomu mara kwa mara" ni habari. "Gei" ni jina, na halimwambii daktari apime wapi. Juu ya jalada pasiandikwe lolote la namna hiyo, wala pasibandikwe stika ya rangi, maana rangi hujulikana maana yake kituo kizima kabla ya wiki kwisha.

Hapa ndipo somo la sheria linapohitajika, na dakika 40 walizolitengea zinatosha. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu 162, ina adhabu ya hadi miaka 14 kwa ngono inayoitwa kinyume cha maumbile, na kifungu 165 kina miaka mitano kwa matendo kati ya wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Vifungu hivyo vinahusu matendo. Kujitambua kwa namna fulani si kosa, na kumtibu mtu si kosa pia. Wahudumu wengi hawalijui hilo, na hofu ya kushtakiwa huwafanya wamfukuze mteja au waandike uongo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaiweka habari ya mwelekeo wa kimapenzi katika data nyeti, kwa hiyo kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp la kituo, hata bila jina kamili, ni kuvunja sheria.

Wakufunzi pia wanaisoma hukumu iliyotolewa hapa hapa Mombasa. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa hospitalini na kulazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi. Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua Machi 2018 kwamba uchunguzi huo ulivunja haki zao. Mhudumu akiletewa mtu na polisi kwa kipimo cha namna hiyo, anaruhusiwa na anapaswa kukataa. Kipimo hicho hakithibitishi chochote kitabibu, na idhini iliyotolewa na mtu mwenye pingu si idhini. Tungependa somo hili lifanyiwe mazoezi ya kusema kwa sauti, mmoja akiwa askari na mwingine muuguzi, kwa sababu kulijua jambo na kulisema mbele ya sare ni mambo mawili.

Kwa atakayewaalika, mambo ya ratiba. Epuka Ijumaa: darasa likikatwa kwa swala katikati, kadi hazimaliziki. Kama nusu ya wafanyakazi wanavuka feri ya Likoni, anza saa tatu na nusu, usianze saa mbili. Wapelekwe walinzi, watu wa mapokezi, wa maabara na wa duka la dawa, si wauguzi tu, kwa kuwa mteja hukutana na mlinzi kabla ya kumwona yeyote mwingine, na hufukuzwa pale pale langoni. Sema mapema kwamba mnataka somo kwa Kiswahili, maana slaidi zimeandikwa kwa Kiingereza na mmoja wa wakufunzi huteleza kuzisoma zilivyo. Gharama kwa kituo cha umma ni chakula cha mchana na kunakili vitini. Kituo cha binafsi hulipia na usafiri.

Wazazi na waandishi wa habari wasiyafuate mafunzo haya, kwani yameandaliwa kwa dirisha la huduma na yatawaacha na maswali yao. Kituo kidogo kisicho na nafasi ya siku nzima kiombe saa mbili za kadi pekee, pamoja na fomu iliyokwisha kusahihishwa. Wakufunzi huahidi kurudi baada ya wiki sita kukagua mafaili kumi pamoja na msimamizi, majina yakiwa yamefunikwa. Ahadi hiyo iandikwe kwenye barua ya mwaliko, na tarehe yake.